Haki si matabishi: barua kwanza, kisha tribinali

Bandugu, badada, bavijana ba Likasi, Panda, Kikula na Shituru, na ninyi mnaotusoma toka Lubumbashi, Kolwezi, Kinshasa na mbali zaidi,

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa mji wetu. Tunayaweka hapa juu wengi walikuwa kazini, wengine walikosa makuta ya moto ya kufika, na wengine wako ndani, nyuma ya ukuta. Hao wa nyuma ya ukuta njo sababu ya maneno yenyewe.

Tuseme mambo kama yalivyo. Mutu wetu akitiwa kasho, jamaa inajua njia mbili tu. Ya kwanza ni makuta. Mama anaamka asubuhi, anakopa kwa jirani, anafika pale mbele ya meza, anasema: «Shefu, utusaidie kidogo, ni mutoto yetu.» Shefu anamuangalia mikononi. Njia ya pili ni kelele. Tunapiga picha, tunaweka Facebook, tunaandika «Muachilie ndugu yetu», watu mia wanaweka alama ya hasira, kisha usiku wanalala. Kesho yake ndugu yetu angali ndani.

Leo tunataka kusema juu ya njia ya tatu. Ni ya polepole, haina uzuri wa picha, na inaanza na karatasi na biki. Tunaiita barua. Wanasheria wana jina refu: kumaliza kwanza njia za ndani, zile za utawala na za sheria ya inchi, kabla ya kwenda mbele ya muamuzi wa juu. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe kila mama wa soko analijua. Ukigombana na jirani, hauanze kwa meya. Unaanza kwa mukubwa wa nyumba, kisha shefu wa avenue, kisha shefu wa kartye. Ukiruka ngazi, meya atakuuliza: «Ulimuambia nani kwanza?» Na kama haukumuambia mtu, unarudishwa nyumbani.

Buluo iko karibu na sisi

Hatuwezi kusema juu ya wafungwa sawa vile ni habari ya inchi ya mbali. Sisi ni wa mji ambao zamani uliitwa Jadotville, na jirani na mji kuna buloko ya Buluo. Mwezi wa Januari 1960, wakoloni walimhukumu Patrice Lumumba miezi sita kule Stanleyville, wakamleta huku kwetu, wakamfungia Buluo. Siku chache tu zilipita, wakalazimika kumtoa na kumpandisha ndege kwenda Brussels, juu wenzake kwenye ile Meza ya Duara walikataa kuendelea na mazungumzo bila yeye. Kuta hizo zimeona mengi. Serikali zilibadilika, majina ya inchi yalibadilika, jina la mji lilibadilika. Buloko ilibaki.

Kitu kimoja kimebadilika, nacho ni sheria. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema kwa artikle ya 17 kwamba uhuru ni kanuni, kufungwa ni jambo la pekee. Artikle ya 18 inasema mtu akikamatwa aambiwe sababu, na aambiwe katika luga anayoisikia. Inasema ana haki ya kuongea na jamaa yake ao avoka wake palepale. Inasema kasho ya polisi haipite saa 48: zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Na mwisho wake inasema kila mfungwa atendewe kwa namna inayolinda maisha yake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Kila mfungwa. Haikusema kila mfungwa asiye na kosa. Mwizi yumo. Aliyeua yumo. Kijana aliyekamatwa juu ya deni la telefone yumo pia, na huyo hakupaswa kuwa ndani hata dakika moja, juu artikle ya 61 inakataza kumfunga mtu kwa deni, hata wakati wa vita ao wa hali ya hatari.

Sasa tofauti kati ya maneno hayo na harufu ya kasho, ninyi mnaijua kuliko sisi kuieleza. Tarehe 2 Septemba 2024, kule Makala, Kinshasa, buloko iliyojengwa kwa watu 1 500 na iliyokuwa imejaa mara nyingi zaidi ya hapo, watu walijaribu kutoka usiku. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikufa 129. Karibu zaidi na sisi, mwezi wa Septemba 2020, fujo ilitokea Kasapa, Lubumbashi, na kwa siku tatu wanawake wafungwa waliachwa mikononi mwa wanaume, wakabakwa. Mambo hayo hayakuanza siku ile. Kila buloko inayolipuka iliandikiwa mbele na njaa, na kukaa juu juu, na watu wenye dosye isiyosomwa. Swali letu ni moja: ni nani aliyeandika malalamiko mbele ya siku ile, na karatasi yake iko wapi?

Kwa nini tuanzie ndani?

Kijana mmoja alituuliza: «Kwa nini nimulalamikie mkubwa wa buloko juu ya buloko yake? Ni kumuomba chui akuchungie mbuzi.» Ni swali la haki kabisa.

Sababu njema iko. Mkubwa akipata barua, hawezi tena kusema hakujua. Pengine atarekebisha jambo bila tribinali: mgonjwa apelekwe hospitali, mtoto wa miaka 15 atolewe kati ya watu wazima, dosye iliyosahaulika ipande kwa magistra. Na kama hakurekebisha, barua ile inakuwa shahidi wako wa kwanza.

Sababu mbaya iko pia: serikali inaweza kugeuza njia hiyo kuwa mtego. Tuangalie Marekani, inchi inayojisifu kwa sheria. Mwaka 1996 walipitisha sheria inayosema mfungwa hawezi kushitaki mbele ya tribinali ya shirikisho juu ya maisha yake ndani ya buloko mpaka kwanza amalize njia zote za malalamiko ndani ya buloko yenyewe. Mwaka 2006, Mahakama Kuu yao iliamua shauri la mfungwa wa California, Woodford na Ngo: alichelewa kupeleka fomu yake ya ndani, siku zilikuwa zimepita, basi mlango wa tribinali ukafungwa. Kuchelewa kwa fomu moja kulikula haki yote.

Lakini mwaka 2016, katika shauri la Ross na Blake, Mahakama hiyo hiyo ilisema: mfungwa anapaswa kumaliza njia zile tu ambazo kweli ziko. Ilitaja hali tatu ambapo njia haiko hata kama imeandikwa. Moja, wakati njia ni mlango wa ukuta: wakubwa hawawezi ao hawataki kabisa kusaidia. Mbili, wakati kanuni zimefungwafungwa hata mtu wa kawaida hawezi kuzifuata. Tatu, wakati walinzi wanamzuia mfungwa kwa udanganyifu, kwa uongo ao kwa vitisho. Mukisikia hizo tatu, bandugu, hamuoni sawa vile mtu alipita hapa Katanga kuangalia?

Afrika yetu haikungoja Marekani. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, artikle ya 56, unadai umalize njia za inchi mbele ya kufika kwa Komisyo ya Banjul, lakini unaongeza: isipokuwa ni wazi kwamba njia hizo zinavutwa kupita kiasi. Na katika shauri la Dawda Jawara juu ya Gambia, mwaka 2000, Komisyo ilisema njia ya ndani ihesabiwe tu kama iko wazi kwa mlalamikaji, kama inafaa, na kama inatosha kuponya kidonda. Kwa hiyo kanuni ina pande mbili. Upande wetu: tujaribu. Upande wa serikali: njia iwepo kweli. Lakini ili tuonyeshe kwamba njia haikuwepo, lazima tuwe na karatasi inayoonyesha kwamba tuligonga.

Diallo: haki ao hisani?

Sasa tufike kwenye shauri tunalolipenda kuliko yote, juu liliamuliwa juu ya inchi yetu wenyewe, na vijana wachache wanalijua.

Ahmadou Sadio Diallo alikuwa mfanyabiashara wa Guinea. Alifika kwetu mwaka 1964, akafungua kompanyi mbili, na mwishowe serikali na kompanyi kubwa za mafuta zikawa zinadaiwa naye. Alipoanza kudai kwa nguvu, tarehe 31 Oktoba 1995 waziri wa kwanza alitia saini agizo la kumfukuza. Tarehe 5 Novemba alikamatwa, akakaa ndani siku 66. Akaachiliwa Januari 1996, akakamatwa tena, na tarehe 31 Januari wakamtia ndege. Kwenye karatasi waliyompa hawakuandika «kufukuzwa». Waliandika kwamba anarudishwa tu toka mpakani, sawa vile mtu aliyefika jana bila viza. Na kwa sheria ya wakati ule, mtu anayerudishwa mpakani hana haki ya rufaa.

Guinea ilipeleka shauri La Haye, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mwaka 1998. Congo ilijibu nini? Ilijibu: hakumaliza njia za ndani. Ati angeweza kumuandikia waziri wa kwanza amuombe abadilishe mawazo.

Tarehe 24 Mei 2007, Mahakama ilijibu kwa namna mbili, na tunaomba kila mmoja wenu azishike kichwani. La kwanza: serikali iliyokosea yenyewe jina la kitendo chake, hata ikamnyima mtu rufaa, haiwezi baadaye kutumia kosa lake kumlaumu kwamba hakukata rufaa. La pili, na hili njo kiini: kumuomba mkubwa akuonee huruma si njia ya sheria inayolazimika kumalizwa. Njia ya utawala inahesabiwa kama lengo lake ni kudai haki. Kuomba hisani hakuhesabiwe, isipokuwa sheria imesema bila ombi hilo hauwezi kufungua shauri.

Haki, si hisani. Kwa luga yetu ya Katanga: haki si matabishi. Matabishi anayetoa ndiye anapanga. Akifurahi anakupa, akikasirika anakunyima, na ukipokea unasema aksanti shefu. Haki hauiombe kwa kupiga magoti. Unaidai kwa kuonyesha artikle, tarehe na saa.

Tarehe 30 Novemba 2010, Mahakama ilisema Congo ilivunja sheria kwa kumkamata, kumfunga na kumfukuza Diallo. Tarehe 19 Juni 2012 ikapanga malipo: dolari 95 000 za Marekani. Tusidanganyane, toka 1998 mpaka 2012 ni miaka kumi na minne. Tena mfungwa peke yake hawezi kufika La Haye: inchi yake njo ilimshika mkono. Sisi Wakongomani hatuna inchi nyingine ya kutupeleka La Haye dhidi ya inchi yetu. Lakini neno lile juu ya haki na hisani, hilo ni letu, na tunaweza kulibeba mpaka kwenye meza ya OPJ.

Kilwa: wakati milango yote imefungwa

Shauri la pili ni la nyumbani kabisa, jimbo letu, ziwa letu la Moero. Mwezi wa Oktoba 2004, askari waliingia Kilwa kuzima uasi mdogo. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Wengine walifungwa na kuteswa. Gari na ndege za kompanyi ya madini, Anvil Mining, zilitumiwa katika safari ile.

Wahanga walianza na njia ya inchi. Shauri lilifunguliwa mbele ya tribinali ya kijeshi, Lubumbashi. Mwezi wa Juni 2007, washitakiwa wote waliachiliwa kwa mambo ya Kilwa, na wafanyakazi wa kompanyi nao wakaachiliwa. Wakajaribu Canada, Novemba 2012 Mahakama Kuu ya kule ikakataa kusikiliza. Mlango huu ukafungwa, na ule ukafungwa. Lakini kila mlango uliofungwa uliacha karatasi. Karatasi hizo njo zilifungua Banjul. Mwaka 2017 uamuzi wa Komisyo ya Afrika ulitangazwa: Congo ilivunja haki za watu wale, na iwalipe wahanga 8 dolari milioni 2,5. Ilikuwa pesa nyingi kuliko Komisyo ile ilivyowahi kupendekeza.

Tunajua, uamuzi na makuta mkononi ni vitu viwili. Lakini angalia: mtu wa Kilwa, mvuvi, mama wa mihogo, alishinda serikali yake kwa sababu kulikuwa na watu waliotunza tarehe, majina na majibu.

Ngazi yetu, hapa Likasi

Tuache La Haye na Banjul, tushuke kwa avenue yetu. Ndugu yako amekamatwa leo. Unafanya nini?

Kwanza, andika saa. Siku gani, saa ngapi, wapi, nani alimkamata, sababu gani walisema. Saa 48 zinahesabiwa toka hapo. Ukikosa saa ya kuingia, hauna saa ya kutoka.

Saa 48 zikipita, peleka barua kwa parke. Magistra wa parke njo wakubwa wa OPJ kwa kazi ya upelelezi, na wana kazi ya kuangalia makasho. Usiandike «tunaomba huruma yenu». Andika: «Kwa artikle ya 18 ya Katiba, muda wa saa 48 ulimalizika tarehe fulani, saa fulani. Tunadai aachiliwe ao afikishwe mbele ya magistra.»

Dosye ikifika parke na magistra akitoa hati ya kumkamata kwa muda, mfungwa anapaswa kufikishwa mbele ya juji ndani ya siku tano. Juji akiruhusu kumshika, ruhusa ya kwanza ni siku 15. Kisha inaweza kuongezwa mwezi mmoja mmoja. Kwa makosa yenye azabu ya miezi sita ao zaidi, ikiisha kuongezwa mara tatu mfululizo, haiwezi kuongezwa tena ila na juji katika kikao cha wazi. Mfungwa ana haki ya kukata rufaa juu ya uamuzi wa juji, lakini muda ni mfupi sana: saa 24. Saa 24, bandugu! Anayesema «tutaangalia kesho kutwa» amekwisha kushindwa.

Akiwa ndani ya buloko na jambo ni maisha ya mule ndani, ugonjwa, chakula, kupigwa, mtoto kulala na watu wazima, barua iende kwa mkubwa wa buloko, na kopi kwa parke. Tangu 2023 tuna sheria mpya ya mabuloko, iliyokuja nyuma ya lile agizo la 1965. Watu wenye kazi hiyo wanapaswa kuijua, na sisi pia.

Kisha kuna artikle ya 27 ya Katiba, ambayo wengi hawaijui: kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kumuandikia mwenye mamlaka ombi rasmi, naye anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa kuandika hivyo. Jamaa ishirini za wafungwa zikitia saini karatasi moja, hiyo si fujo, ni Katiba.

Kama kidonda kinatoka kwa uamuzi wa mwenye mamlaka ya utawala, mfano amri iliyoandikwa na kutiwa saini, sheria ya Oktoba 2016 juu ya tribinali za utawala inadai kwanza umpelekee yeye mwenyewe malalamiko aondoe ao abadilishe uamuzi wake. Akinyamaza mpaka muda wa sheria uishe, ukimya wake unahesabiwa kuwa amekataa, na mlango wa tribinali unafunguka. Lakini siku zinahesabiwa toka mwanzo. Hapo muone avoka mbio. Asiye na makuta, barro ina ofisi ya kushauri watu bure; aende aulize, ni haki yake.

Neno moja kubwa: kutesa ni kosa la jinai. Sheria ya 9 Julai 2011 inasema hivyo. Mtu aliyeteswa hana lazima ya kungoja mkubwa wa buloko amjibu. Anaweza kupeleka malalamiko parke palepale, na karatasi ya munganga iwe pamoja naye. Na Komisyo ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya 21 Machi 2013, inaweza kutembelea mabuloko. Tuiandikie pia.

Namna ya kuandika

Wengi wetu katika mwendo huu tuko na lisanse, na kazi hakuna. Asubuhi tunapeleka CV, magaribi tunarudi na viatu vya vumbi. Watu wanatucheka: «Diplome yenu inakula nini?» Basi tumeamua, wakati tunangoja kazi, diplome ile iandike barua. Kuandika tunajua. Kuhesabu siku tunajua. Kusoma Journal officiel bila kulala, tunajaribu.

Barua iwe ukurasa mmoja. Jina la mfungwa, tarehe, mahali, jambo lililotokea, artikle, na kile tunachodai. Bila matusi, bila siasa, bila «Mheshimiwa baba yetu mpenzi». Heshima ndiyo, magoti apana.

Kopi mbili. Moja inabaki kwao, nyingine inarudi na muhuri, tarehe na saini ya aliyepokea. Karatasi bila muhuri ni hadisi tu. Wakikataa kutia muhuri, andikeni hapohapo kwenye kopi yenu: siku, saa, nani alikataa, na mashahidi wawili watie saini. Hiyo pia ni ushahidi: kumbuka ile hali ya tatu, mlinzi anayezuia. Kisha pigeni fotokopi na picha ya telefone, mtunze sehemu mbili.

Muulizeni mfungwa kwanza. Yeye njo anayelala mule ndani. Akisema ngojeni, tunangoja. Jina lake lisionekane kwenye Facebook bila ruhusa yake. Ndani ya buloko, mtu anaweza kulipa kwa mbavu zake kile sisi tumeandika kwa vidole.

Tuko na mfano, na hatutataja mahali. Kijana mmoja wa kwetu alishikwa juu ya deni, akakaa kasho siku nyingi kupita saa 48. Jamaa ikakusanya makuta, akatoka. Baadaye alitaka kushitaki. Avoka akamuuliza: «Uliingia siku gani? Karatasi iko wapi?» Hakukuwa na karatasi. Kwenye rejista jina lake halikuonekana. Ni sawa vile hakuwahi kuwa ndani. Makuta yalimtoa, lakini makuta yalifuta pia alama za miguu yake. Na aliyemshika angali pale, anangoja mwengine.

Kwa wanaosema barua ni ya wajinga

Kati yetu pia kuna mabishano. Wamoja wanasema: tuketi mbele ya parke mpaka wamuachilie, barua ni kupoteza wakati. Tunawaelewa. Wenzetu, Fred Bauma wa Lucha na Yves Makwambala, walikamatwa Machi 2015 kule Kinshasa, wakatoka Agosti 2016, zaidi ya mwaka mmoja bila hukumu. Walikuwa na avoka, walikuwa na barua, dunia ilijua majina yao. Ndani walikaa.

Jibu letu ni hili. Kuketi na kuandika hazipigane. Lakini barua itangulie. Ukiketi bila barua, watakuuliza: «Mnataka nini? Mlimuambia nani?» Ukiketi na kopi tatu zenye muhuri zisizojibiwa, swali linageuka: ni wao wanaopaswa kueleza.

Wengine wanasema: tribinali yenyewe inakula makuta. Ni kweli kuna wanaokula. Mwaka 2025, hata aliyekuwa minista wa haki alihukumiwa na Kuru ya Kasasyo juu ya makuta yaliyopangwa kwa kujenga buloko ya Kisangani. Huo ni ubaya, ndiyo. Lakini angalia tena: kilichomfikisha minista mbele ya juji ni dosye. Makaratasi.

Hatumuahidi mama yeyote kwamba mtoto wake atatoka kesho juu tumeandika. Tunamuahidi kwamba hatakuwa mtu asiye na alama. Siku moja juji, wa Likasi, wa Lubumbashi ao wa Banjul, atauliza: «Mligonga mlango gani?» Na tutamuwekea milango yote mezani, mmoja mmoja, kila mmoja na tarehe yake.

Tunachoomba kwenu

Kila komine kati ya nne za mji wetu ipate kundi la watu watano: wawili wa kuandika, mmoja wa kupeleka, mmoja wa kuhesabu siku, mmoja wa kutunza makopi. Anayesoma sheria Lubumbashi ao Likasi atupatie saa mbili kwa juma. Mwenye mashini ya fotokopi atupunguzie bei. Mwenye ndugu ndani aje na tarehe, hata kama hana kitu kingine.

Na wewe OPJ, wewe mlinzi, wewe magistra unayesoma haya, juu tunajua mnasoma: hatuko adui yenu. Wengi wenu pia mishahara inachelewa, na mnafanya kazi katika vyumba visivyo na taa. Tieni muhuri kwenye barua zetu. Ni kazi ndogo, haiombe makuta, na siku nyingine itawalinda ninyi wenyewe, juu katika inchi yetu aliyefunga jana tumemuona akifungwa leo.

Ukirudi nyumbani leo, uliza kwenye avenue yenu: nani yuko ndani, toka siku gani? Andika jina, andika tarehe. Kesho tulete kopi mbili.